"Wengi wape" haina kazi ndani ya chumba cha baraza la mahakama

Swali: Shikamoo wakili. Nilizaliwa Afrika Mashariki, sasa ni raia wa Marekani, na kazi yangu ni uuguzi. Nimepata barua ya kuitwa mahakamani kuwa mjumbe wa juri. Nikiangukia kesi ya jinai, tukishafungiwa chumbani watu kumi na wawili, tunatakiwa kujadiliana vipi hasa? Kiingereza changu kina lafudhi, na sijui nifanye nini wenzangu wote wakisema mtu ana hatia, nami moyo ukakataa. Tena mimi ni mcha Mungu, naogopa kumhukumu binadamu mwenzangu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hofu yako ya mwisho, maana ukishaiondoa hiyo, nusu ya swali lako la kwanza inakuwa imejibika.

Hukuitwa kumhukumu binadamu. Umeitwa kujibu swali moja finyu: je, upande wa mashtaka umethibitisha kosa hili, dhidi ya mtu huyu, bila kuacha shaka ya msingi? Hamtaulizwa kama mshtakiwa ni mtu mwema, kama mama yake alimlea vizuri, wala kama angekuwa mkwe wenu mngemkubali. Adhabu nayo, katika kesi nyingi, ni kazi ya jaji, na mtaelekezwa msiifikirie kabisa mnapojadili. Kesi zinazobeba hukumu ya kifo ni tofauti. Humo baraza lenyewe, yaani juri, huingia kwenye suala la adhabu, na wajumbe huulizwa mapema imani zao juu ya jambo hilo. Kama dhamiri yako haiwezi, lisemee wakati huo wa kuulizwa maswali, usingoje hadi ndani.

Kuna mahali lugha yetu inatutega. Fomu ya uamuzi mtakayopewa ina majibu mawili kwa kila kosa, na lile la pili sisi hulitafsiri "hana hatia". Kwa Kiswahili cha kawaida, ukisema mtu hana hatia umemsafisha, umeapa kwamba hakutenda. Kisheria jibu lile halisemi hivyo. Linasema hatia haikuthibitishwa, basi. Mjumbe anaweza kudhani kwamba huenda mshtakiwa alitenda, na bado akachagua jibu hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu "huenda" haitoshi. Nakuomba uingie na tafsiri hii kichwani, maana nusu ya mabishano ya mle ndani huzuka pale mtu mmoja anapojibu swali la "alifanya?" na mwenzake anajibu swali la "wamethibitisha?" wala hawajui kwamba wanaongelea mambo mawili.

Kipimo hicho cha shaka kina historia inayogusa. Kijana wa miaka 12 huko New York alishtakiwa kwa kuchukua dola 112 kwenye pochi ya mwanamke. Jaji wa mahakama ya watoto alikubali kwamba huenda ushahidi usingefikia kiwango cha kuondoa shaka, lakini sheria ya jimbo ilimruhusu kutumia kipimo chepesi zaidi, cha upande gani una uzito kumshinda mwenzake. Akamtia hatiani. Mwaka 1970, katika kesi ya Winship, Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya mahakama zote za nchi hiyo, ilifuta uamuzi ule na kutamka wazi kwamba Katiba inadai kila kipengele cha kosa kithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Dola 112, na mtoto. Kama kipimo hakikulegezwa kwake, kisilegezwe kwa yeyote atakayekaa mbele yenu.

Shaka ya msingi ni ipi? Si kila wasiwasi unaopita kichwani. Mambo ya binadamu hayana uhakika wa hesabu, na sheria haiudai. Ni shaka inayotokana na ushahidi, au na kukosekana kwa ushahidi, ambayo mtu makini akiitafakari inabaki imesimama. Usikubali mtu aigeuze asilimia, eti tisini inatosha. Majaji kwa kawaida hukwepa kuiwekea tarakimu, na wana sababu nzuri: mkishaanza kupiga hesabu za asilimia mnajadili namba, mnaacha kujadili ushahidi.

Wewe umekulia kwetu, kwa hiyo yamkini unajua habari za wazee wa baraza waliokaa na jaji kwenye kesi za mauaji. Wazee wale walitoa maoni, jaji akayasikia, na hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Baraza la Marekani ni kitu kingine kabisa. Mkisema mshtakiwa aachiwe, jaji hana uwezo wa kuupindua uamuzi huo hata akiwa anaona mmekosea. Hamtoi ushauri mle ndani. Uamuzi ni wenu.

Sasa tuingie chumbani.

Chumba chenyewe ni cha kawaida: meza ndefu, viti, vielelezo vya kesi, karatasi za maelekezo ya jaji, fomu ya uamuzi, na mlinzi wa mahakama nje ya mlango. (Umetaja watu kumi na wawili. Mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, ndivyo zilivyo, ila baadhi ya majimbo yanaruhusu sita kwa kesi fulani.) Kazi ya kwanza ni kuchagua msemaji. Watu hulipitisha jambo hili kwa dakika moja, na utafiti wa zamani kwenye mabaraza ya majaribio, yaani watu walioigiza juri kwa ajili ya watafiti, ulionyesha kwamba aliyekaa kwenye ncha ya meza ana nafasi kubwa ya kuchaguliwa, kama vile kiti ndicho kilichomteua. Mchagueni mtu ambaye, kwa siku mlizokaa pamoja, mmemwona anawaacha wengine wamalize sentensi. Msemaji hana kura nzito kuliko yako. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtu amesema na kupeleka maandishi kwa jaji.

Baada ya hapo mtu atasema, "Hebu tupige kura tuone tumesimama wapi." Ukiweza, lizuie kwa upole. Nalisemea hili kwa nguvu kwa sababu naamini ndipo mabaraza mengi yanapoharibikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Harry Kalven na Hans Zeisel, walichapisha mwaka 1966 matokeo ya uchunguzi wa mabaraza halisi, na wakaona kwamba takriban katika kesi tisa kati ya kumi, upande uliokuwa na wengi kwenye kura ya kwanza ndio uliokuwa uamuzi wa mwisho. Hiyo haimaanishi kwamba majadiliano ni bure. Mara nyingi wengi huwa sahihi kwa sababu ushahidi ulikuwa wazi. Lakini mtu akishanyoosha mkono hadharani, ana msimamo wa kulinda. Kuanzia hapo hasikilizi ili aelewe, anasikiliza ili ajibu. Utafiti mwingine wa miaka ya 1980, uliotumia mabaraza ya majaribio, ulitofautisha makundi yaliyoanza na kura na yale yaliyoanza na ushahidi. Yaliyoanza na ushahidi yalichukua muda mrefu zaidi na yaliupekua ushahidi kwa kina zaidi.

Basi muanze na nini? Anzeni na karatasi ya maelekezo ya jaji, palipoandikwa vipengele vya kosa. Nikuonyeshe kwa mfano niliouunda mwenyewe.

Mtu anashtakiwa kwa unyang'anyi wa simu, saa nne usiku, kituo cha basi. Maelekezo yatasema kitu kama hiki: alichukua mali, mali ilikuwa ya mwingine, aliitwaa kutoka kwa mwenyewe bila ridhaa, alitumia nguvu au vitisho, na alikusudia kumnyima mwenyewe mali hiyo moja kwa moja. Msemaji asome kipengele cha kwanza kwa sauti, aulize: "Ushahidi gani unagusa hiki?" Mmoja atasema maneno ya mlalamikaji, mwingine atataja risiti ya simu. Mnamaliza, mnakwenda cha pili. Mkifika mwisho mtagundua kwamba hakuna anayebisha simu iliporwa, kwa nguvu, na mwenyewe hakuridhia. Dakika ishirini zimepita, mmekubaliana mambo matano, na hakuna aliyekasirika. Kinachobaki ni kimoja: je, aliyefanya ni huyu?

Hapo ndipo pa kutulia. Mlalamikaji alimnyooshea kidole mahakamani akasema ana uhakika kabisa. Mshtakiwa alikamatwa siku mbili baadaye akiwa na simu hiyo, na polisi mmoja alieleza kwamba alipoulizwa alisema aliinunua mtaani. Kamera ya duka inaonyesha mtu mwenye kofia, uso hauonekani. Chukueni kimoja kimoja. Alimwona kwa sekunde ngapi? Mwanga ulitoka wapi? Kama alitishwa kwa kisu, je, macho yake yalikuwa usoni au kwenye kisu? Alipoonyeshwa picha, polisi walimwambia nini kabla na baada? Uhakika wake ulikuwa huo huo siku ya kwanza, au ulikua kadiri kesi ilivyosogea? Kisha simu: kuwa nayo baada ya siku mbili kunathibitisha nini, na kunaacha nini wazi? Mwisho kofia na umbo la mtu kwenye video: vinafanana naye tu, au vinawatofautisha yeye na watu wengine mia wa mtaa ule?

Mfano huu sitoi hukumu yake. Mabaraza mawili ya watu waadilifu yangeweza kufika pengine tofauti. Nataka uone kwamba swali kubwa la "ana hatia au hana" limevunjwa vipande vinavyoweza kushikwa mkononi.

Kuhusu shahidi mwenye uhakika, nakusihi uikumbuke kesi moja ya North Carolina. Mwaka 1984 mwanafunzi mmoja alibakwa, na wakati wa shambulio alijikaza kuusoma uso wa mhalifu ili aje amtambue. Alimchagua kijana fulani kwenye picha, akamchagua tena kwenye gwaride la utambulisho, akamtambua mahakamani bila kusita. Alikuwa mkweli, hakuwa na chuki. Kijana akafungwa. Mwaka 1987, katika usikilizwaji wa pili, mhalifu mwenyewe aliletwa mbele ya yule mwanamke, naye akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba yule aliyeletwa ndiye, na kijana akaachiwa baada ya zaidi ya miaka kumi gerezani. Katika kesi za Marekani ambako DNA ilikuja kuwatoa watu waliofungwa kimakosa, zaidi ya nusu zilikuwa na shahidi wa macho aliyekosea. Shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akakosea, kwa hiyo mtu akikuuliza chumbani, "Kwani unamwita yule mama mwongo?" jibu lako ni kwamba hapana, humwiti mwongo. Unauliza kama aliona vizuri.

Mtu mwingine atauliza, "Kama hakufanya, mbona hakusimama kujieleza?" Swali hili linakuja karibu kila mara mshtakiwa anapokaa kimya, na kwa malezi yetu lina mvuto, maana kwetu mtu akituhumiwa akanyamaza tunaona amekubali. Sheria ya Marekani inakataza hitimisho hilo. Tangu mwaka 1965 mwendesha mashtaka haruhusiwi kuutumia ukimya wa mshtakiwa dhidi yake mbele ya baraza, na tangu 1981 jaji lazima awaelekeze hivyo utetezi ukiomba. Kwa hiyo mwenzako akilitaja, usibishane naye kwa hisia zako. Chukua karatasi ya maelekezo, msomee mstari wenyewe. Karatasi ile itakusaidia kuliko ufasaha wowote wa Kiingereza, na ndiyo jibu langu la kwanza kuhusu lafudhi yako.

Jibu la pili ni hili. Sheria inataka uelewe Kiingereza kiasi cha kufuata kesi. Haikutaki uongee kama mtangazaji. Na zipo sababu za kuamini kwamba kuwepo kwako kunaifanya kazi iwe bora. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Samuel Sommers alichapisha utafiti uliolinganisha mabaraza ya majaribio ya Wazungu watupu na yale yaliyochanganyika Wazungu na Weusi. Yaliyochanganyika yalijadili kwa muda mrefu zaidi na yakagusa mambo mengi zaidi ya ushahidi, na hata wajumbe Wazungu ndani yake walikosea ukweli wa kesi mara chache kuliko wenzao wa makundi yasiyochanganyika. Watu huongeza umakini wanapokaa na asiyefanana nao. Kwa hiyo sema mapema, hata jambo dogo, ndani ya dakika kumi za kwanza. Ukinyamaza saa mbili, kufungua mdomo kunakuwa mlima.

Lugha zako mbili zina mtego wake, na wengi hawaujui. Ikitokea shahidi anatoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani, wewe utasikia kila neno kabla halijatafsiriwa. Hata hivyo ushahidi wa kesi ni ile tafsiri ya Kiingereza, kwa sababu wote kumi na wawili lazima mwamue kwa ushahidi mmoja. Ukisikia mkalimani amekosea, usiende chumbani kuwaambia wenzako "hakusema hivyo". Mwandikie jaji kikaratasi papo hapo, umkabidhi mlinzi wa mahakama, ili mawakili wapate nafasi ya kulirekebisha hadharani.

Taaluma yako ya uuguzi ina mpaka wa aina hiyo hiyo. Unaruhusiwa kutumia busara na uzoefu wa maisha kupima aliyosema daktari kizimbani. Huruhusiwi kugeuka shahidi wa ziada, ukawafundisha wenzako kwamba dawa fulani humaliza nguvu baada ya saa kadhaa, wakati hakuna shahidi aliyesema hilo wala wakili aliyepata nafasi ya kulihoji. Kwa sababu hiyo hiyo simu ikae mbali: usitafute jina la mshtakiwa, usiangalie ramani ya kituo cha basi, usipite pale jioni kujionea, usimsimulie mume wako. Sisi tuna msemo, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaani unaweza kufaa. Chumba kile kimejengwa kuuzuia, kwa sababu lisemwalo nje ya mahakama hakuna aliyeliapia wala aliyelihoji.

Nafika sasa kwenye hofu yako kubwa, ya kubaki peke yako.

Malezi yetu yanatufundisha wengi wape. Kikaoni, msibani, kwenye kamati ya harusi, ni adabu njema, mambo yanasonga. Kwenye baraza la jinai haina kazi, na si kwa bahati. Louisiana iliruhusu kuanzia mwisho wa karne ya 19 mtu atiwe hatiani bila wajumbe wote kuwa na kauli moja, na kanuni ile ilitungwa katika mkutano wa katiba wa mwaka 1898 uliokuwa na dhamira ya kuimarisha utawala wa Wazungu. Ilikuwa njia ya kuzifanya kura za wajumbe Weusi wachache zisiwe na uzito. Oregon nayo ilikuwa na kanuni kama hiyo. Mwaka 2020, katika kesi ya mtu aliyefungwa maisha kwa kura 10 dhidi ya 2, Mahakama Kuu iliamua katika Ramos dhidi ya Louisiana kwamba kwa makosa makubwa kauli lazima iwe moja katika majimbo yote. Watu walipigania kura ya mtu wa kumi na mbili ihesabike. Usiigawe kwa sababu ya njaa au foleni ya jioni.

Shinikizo lenyewe usilidharau. Mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaweka watu kwenye kundi la waigizaji na kuwauliza mstari upi unalingana na mwingine, jambo la kuonekana kwa macho. Kundi zima lilipotoa jibu la uongo, wapimwa waliwafuata katika takriban theluthi moja ya majibu. Ila alipopatikana mtu mmoja tu wa kusema ukweli pamoja nao, kufuata mkumbo kulipungua sana. Hii ina maana mbili kwako. Ukiona mwenzako kabaki peke yake na hoja yake ina mashiko, usimwache, hata kama hujakubaliana naye kikamilifu. Sema "hebu tumsikilize vizuri". Na ukiwa wewe ndiye uliyebaki, angalia usoni mwa wengine. Mara nyingi yupo anayesubiri mtu atangulie.

Ukiwa peke yako, usiseme tu "moyo wangu unakataa". Moyo unaweza kuwa umeona kitu, lakini wenzako hawawezi kukijadili mpaka ukipe mahali. Sema: "Mimi nimekwama kwenye kipengele cha utambuzi. Shahidi alisema taa ya barabarani ilikuwa imezimika. Naomba anayeona ulikuwapo mwanga wa kutosha anionyeshe ulitoka wapi." Kisha nyamaza, wasikilize kwa dhati. Wanaweza kukukumbusha ushahidi wa taa za duka uliokuponyoka. Ikiwa hivyo, badili msimamo bila aibu. Ndiyo maana ya kujadiliana. Jiulize pia upande wa pili, kwa siri, kwa uaminifu: ni ushahidi gani ungenifanya nikubali? Kama jibu ni "hakuna", basi hujashika shaka ya msingi, umeshika ukaidi au huruma, na kiapo ulichokula hakikuruhusu kuamua kwa hivyo viwili.

Lakini kama mmesoma, mmesikilizana, mmerudia, na shaka bado imesimama pale pale, usiiache. Jaji anaweza kuwaita na kuwaomba mjitahidi tena. Maelekezo ya namna hiyo yalikubaliwa na Mahakama Kuu tangu kesi ya Allen ya mwaka 1896. Yasikilize mpaka mwisho, maana kwa kawaida yana sehemu mbili: chunguza upya msimamo wako, na usiitupe imani yako ya kweli ili tu kesi iishe. Wenzako watakunukulia sehemu ya kwanza. Wewe shika zote mbili, na wakumbushe kwamba na wao wanaambiwa wachunguze upya.

Wala hakuna wa kukuadhibu kwa kura yako. London, mwaka 1670, wajumbe wa baraza walikataa kuwatia hatiani waumini wawili wa Quaker, dhehebu la Kikristo, William Penn na William Mead. Walifungiwa bila chakula, bila maji, bila moto, warudi na jibu ambalo mahakama ililitaka. Walipokataa hata hivyo, walitozwa faini, na waliogoma kulipa walitupwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushell, alipeleka malalamiko mahakama ya juu, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mjumbe haadhibiwi kwa uamuzi wake. Marekani ilirithi kanuni hiyo. Mkishindwa kabisa kuafikiana, jaji atalivunja baraza, na upande wa mashtaka utaamua kama unaanza upya. Hilo mfumo umelitarajia na kulipangia; si kwamba mmeshindwa kazi.

Mkimwandikia jaji, ulizeni sheria au ombeni kukumbushwa ushahidi, lakini msitaje kura zimegawanyikaje. Katika mahakama za shirikisho, tangu 1926, jaji hata haruhusiwi kuwauliza mgawanyiko huo. Kuna kikaratasi kingine natumaini hutahitaji kukiandika: mjumbe akisema mshtakiwa ana hatia kwa sababu ya kabila, rangi au nchi aliyotoka. Mambo ya chumbani kwa kawaida hayafukuliwi baada ya uamuzi, hata yakiwa ya hovyo kiasi gani, lakini kwa kauli za ubaguzi wa rangi zilizo wazi Mahakama Kuu ilifungua mlango mwaka 2017. Usingoje baadaye. Mwandikie jaji siku hiyo hiyo.

Makosa yakiwa matatu, jadilini kila moja peke yake. Kumtia hatiani kwa la kwanza hakumburuzi kwenye la pili.

Mkishaafikiana na msemaji akasaini fomu, mtarudi mbele ya mahakama na uamuzi utasomwa. Kisha wakili wa upande wowote anaweza kuomba mhojiwe mmoja mmoja. Karani, au jaji, atakugeukia wewe, kwa namba au jina, akuulize kama huo ndio uamuzi wako. Ukisema hapana, kauli moja haipo, na jaji atawarudisha chumbani au kulivunja baraza. Kwa hiyo, kabla msemaji hajashika kalamu, mwombe azunguke meza akiwauliza swali hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, na kila mtu ajibu kwa mdomo wake.